Viatu vya Kuwatishia Wakwe

Kwetu milimani, upande wa Mbinga, kiatu hakikuwa kitu cha kutembelea. Cha kutembelea ulikuwa mguu. Kiatu kilikuwa cha kufikia. Mwanaume mwenye viatu alitoka nyumbani Jumapili asubuhi pekupeku kama mkewe, viatu amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, akashuka bonde, akapanda kilima, akashuka tena mpaka kwenye kijito kilichopita chini ya kanisa. Hapo ndipo alipokaa juu ya jiwe, akaosha miguu, akaikausha kwa majani, akaanza vita vya kuiingiza ndani. Jumapili kijito kile kilikuwa na kelele kuliko gulio: huyu anavuta, yule anasukuma, mwingine anaomba ashikwe kiuno. Wake zao walisimama kando na watoto mgongoni, wakisubiri mabwana wavae heshima. Kisha wote wakapanda kuelekea kanisani, wanawake wakitembea, wanaume wakichechemea.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ule mguno uliosikika upande wa wanaume kila tulipopiga magoti ulikuwa uchaji wa Mungu. Baadaye nikajua ni vidole.

Sisi wanawake hatukuwa na viatu, wala hakuna aliyeona ajabu. Mama zetu walichimba ngolo, yale mashimo ya kulimia yaliyotanda milima yetu yote, wakachimba kwa jembe na nyayo tupu. Walibeba kuni, wakabeba maji, wakabeba kahawa mbivu kuipeleka kwenye mashine ya kukoboa. Wanaume, waliokaa zaidi, ndio walioonekana wanahitaji kulindiwa miguu.

Viatu vyenyewe vilishonwa na fundi mmoja aliyeishi ng'ambo ya bonde. Alikuwa amejifunzia kwenye karakana ya misheni, na alipoondoka huko aliondoka na kalibu mbili za mti, ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, zilizochongwa kwa kipimo cha padri fulani Mzungu ambaye wakati huo alikwisha kufa. Fundi alisema alizawadiwa. Misheni hawakuulizwa. Kalibu ni ule mguu wa mti ambao fundi huuvisha ngozi ili kiatu kipate umbo, na fundi wa kweli huwa nazo nyingi, ndogo kwa kubwa. Huyu wetu alikuwa na hizo mbili tu, na marehemu padri alikuwa na mguu mrefu mwembamba kama kambare. Kwa hiyo kila kiatu kilichotoka ng'ambo ya bonde kilikuwa kiatu cha padri. Watu wetu, ambao vidole vyao vilikuwa vimetanuka tangu utotoni kwa kung'ang'ania udongo wa mteremko, walitakiwa kuenea humo. Kwa mbele ilibaki nafasi ya kutia magunzi mawili, kwa ubavuni haikubaki hata ya kutia dhambi. Mteja akilalamika, fundi alimjibu kwa upole:

"Kiatu hakina kosa. Hiki ni kiatu cha kipadri. Mguu wako ndio bado wa kipagani."

Na watu walikubali! Walirudi makwao wakijilaumu wenyewe, wakakanda miguu kwa mafuta, wakajaribu tena.

Tena kiatu ilikuwa lazima kilie. Fundi alitia kipande cha ngozi kavu katikati ya soli mbili, ili kila hatua itoe sauti, kwii, kwii, kama mlango wa sakristia. Kiatu kisicholia kilidhaniwa cha kuazima. Wakati wa mahubiri wapo waliotoka nje kwa haja ndogo ambayo hawakuwa nayo, ili tu wapate kurudi.

Nasimulia habari za miaka ile ya uhaba, duka la ushirika lilipokuwa na rafu nyingi na muuzaji mmoja anayesinzia. Kiatu cha dukani kilikuwa hadithi ya mjini. Wenye busara walivaa katambuga, zile za kukatwa kwenye tairi la lori, ambazo ziliacha njiani alama za tairi, ungedhani kimepita kigari kidogo kilichopoteza dereva. Zilidumu, hazikubana, na hazikuomba kiwi. Kwa sababu hizo zote zilidharauliwa.

Aliyezidharau kuliko wote alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Alikuwa mwenyekiti wa kigango, yaani wa kanisa letu la kijijini, mwenye shamba zuri la kahawa, mrefu, mwenye koti lililokuwa la bluu zamani. Baba mkubwa asingevaa katambuga hata kama nyoka wangelala njiani kwa foleni. Viatu vyake vya kwanza vya padri vilikuwa vimekwisha kuoza kwa kutunzwa sana, akawa anajipanga kushona vingine, ndipo yakatokea mambo ya binti yake.

Binti huyo, ambaye mimi namwita dada kwa kuwa tulikulia uwanja mmoja, alipata mchumba kutoka Lipingo, kule chini ziwani. Alikuwa kijana aliyepanda milima kuja kwetu kuuza usipa wakavu, wale samaki wadogo wa Nyasa, na kurudi na mahindi. Baba mkubwa hakumpenda kwa kuwa ni mvuvi, na hakumpenda zaidi kwa kuwa ni Mwanglikana. Lakini lililomchoma kuliko yote ni kwamba siku ya posa kijana alikuja pekupeku, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akanyoosha miguu yake mipana yenye magaga mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu, na hakuona aibu yoyote.

"Umeona ile miguu?" baba mkubwa alimwuliza dada yake, yaani shangazi yetu, wageni walipoondoka.

"Nimeiona. Ipo miwili, imetimia," shangazi akajibu. Shangazi alikuwa mjane, mfupi, mwenye ulimi uliokuwa ukifika mahali kabla yake.

"Mtu anakuja kuposa kwa mwenyekiti wa kigango kama anakwenda kuchota maji."

"Kaka, binti ameshaamua. Wewe kilichobaki ni kupanga viti."

Na kweli dada alikuwa ameamua. Posa ikakubaliwa. Wakwe wakatuma salamu kwamba sasa ni zamu yetu kushuka Lipingo, tukaone nyumba ambayo binti yetu ataishi. Baba mkubwa alipopata salamu hizo alilala nazo, na kulipokucha akasema neno ambalo ukoo wetu unalisema mpaka leo kwa kebehi: "Kama hawatatuheshimu kwa dini, watatuheshimu kwa viatu."

Akachukua ngozi ya dume la ng'ombe lililochinjwa wakati wa Pasaka, akaipeleka ng'ambo ya bonde. Yaani yeye alitangulia, ngozi tuliibeba mimi na dada, kwa sababu mwenyekiti wa kigango habebi ngozi.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshamaliza darasa la saba, na kwa kuwa kazi za nyumbani zilikuwa nyepesi msimu ule, nilikwenda mara kadhaa kuona ngozi ile inavyogeuzwa kuwa kiatu. Kwanza ililowekwa kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakaachia. Ikakwanguliwa kwa jembe lililochakaa. Kisha ikatumbukizwa kwenye shimo lenye maji ya magome yaliyotwangwa, na humo ilitakiwa ikae miezi mingi, igeuzwe, maji yabadilishwe, mpaka ukiikata pembeni uone ile rangi ya kahawia imezama hadi katikati. Ngozi isiyoivishwa hivyo inakuwa bado ni mnyama. Ikilowa inalegea kama utumbo, ikikauka inakakamaa kama mbao. Harufu ya shimo lile sitaieleza. Fundi mwenyewe alikula hapohapo karibu nalo, mkono mmoja ugali, mkono mwingine akifukuza nzi.

Baba mkubwa hakuwa na miezi mingi. Alitaka kushuka ziwani kabla kahawa haijaanza kuiva.

"Ngozi ni kama pombe ya komoni," fundi akamwambia. "Ukiifakamia kabla haijakaa, inakusumbua tumboni."

"Mimi siendi kuinywa."

"Sawa, mwenyekiti. Ila katikati bado nyeupe."

"Nani atakayeona katikati? Shona."

Fundi akashona. Hakuwa mtu wa kugombana na mteja, maana aliyegombana na wateja alikosa pombe. Aliivuta ngozi juu ya mguu wa padri, akaishona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, akapigilia soli kwa vijiti vya mwanzi, akatia ile ngozi ya mlio. Kwa kuwa kiwi ilikuwa haipatikani, alipaka masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nguruwe. Viling'aa, lazima niseme kweli. Baba mkubwa alivivaa uwanjani, akatembea mbele yetu kwenda na kurudi, kwii, kwii, na machozi yalimlengalenga. Mimi nilidhani ni furaha. Shangazi alisema, "Zile ni nyama za vidole zinaaga."

Tukatoka alfajiri watu wanne: baba mkubwa, shangazi, dada na mimi. Tulipita njia ya wauza samaki, ile inayoteremka kutoka kwenye matuta ya kwetu Umatengo mpaka ufukweni, njia nyembamba yenye mawe na mizizi. Sisi wanawake tulibeba kuku, maharage na unga. Baba mkubwa alibeba fimbo. Kawaida viatu vingekaa shingoni mpaka kijito cha mwisho, lakini tulipofika mahali ziwa linapoanza kuonekana kwa mbali, tukawaona wauza samaki wakipanda. Baba mkubwa akasimama.

"Hao ni watu wa kule," alisema. "Watatutangulia kwa maneno." Akakaa chini, akavivaa.

Basi akateremka mlima ule wote na viatu vya padri. Wauza samaki tukawasalimia, "Habari za kutoka," wakajibu, wakasimama kando kumpisha, wakamtazama miguuni kwa mshangao mkubwa. Yeye aliuhesabu mshangao ule kuwa ni heshima. Haukupita muda, mvua ya mwisho mwisho ikatukuta katikati ya mteremko, mvua fupi lakini nene, na viatu vikaanza kulegea. Sauti ya kwii ikageuka kuwa ya chura. Chini kabisa kulikuwa na mto wenye gogo la kuvukia, limelowa na linateleza.

"Baba, vua viatu uvuke," dada akamwambia.

"Nivue mbele ya watu?"

Watu wenyewe walikuwa mama wawili waliokuwa wakifua ng'ambo. Baba mkubwa akapanda kwenye gogo na viatu vyake, akapiga hatua za heshima, kisha akaingia mtoni mpaka magotini. Wale mama waliinamisha vichwa juu ya nguo zao na kufua kwa bidii kuliko mwanzo. Alitoka upande wa pili, maji yakimtoka kwenye matundu ya kamba, akaendelea kutembea.

Tulipofika tambarare, mawingu yalikuwa yameondoka. Joto la kule chini si kama la kwetu. Jua la Nyasa linawaka kutoka juu, na mchanga unalirudisha kutoka chini. Viatu vikaanza kukauka vikiwa mguuni. Mwanzoni baba mkubwa alifurahi, akasema vimepata umbo lake sasa. Baadaye akaacha kuzungumza. Baadaye tena akaanza kukanyaga kwa visigino, kama mtu anayetembea juu ya mayai, na mikunjo ya uso wake nikaiona imehama kutoka mahali pake. Yale mafuta ya nguruwe nayo yakaanza kuyeyuka, na mbwa wa vijiji vya ufukweni wakaungana nasi. Hawakubweka. Walimfuata tu kwa adabu, pua zimenyooka. Tuliingia kwa wakwe tukiwa na msafara mkubwa kuliko tuliotoka nao.

Nyumba ya wakwe ilikuwa safi, imefagiliwa mpaka mchanga una mistari. Pembeni kulikuwa na vichanja vya kuanikia usipa, vinang'aa kama vimemwagiwa sarafu. Baba wa kijana alitoka kutupokea, mzee mkavu mwenye mvi, na mkewe, na kijana mwenyewe, na majirani. Wote miguu mitupu. Shikamoo zikatoka, marahaba zikarudi. Mikeka mipya ilikuwa imetandikwa barazani.

"Karibuni mkekani, wakwe zetu," mama wa kijana akasema.

Tukaletewa maji, na nyuma ya nyumba kuku wa kwanza akakamatwa. Shangazi, dada na mimi tukanawa miguu, tukakaa. Baba mkubwa akabaki amesimama ukingoni mwa mkeka. Mkeka mpya wa watu haukanyagwi na viatu, hilo analijua kila mtu, hata mwenye kiburi. Akainama, akagusa kamba, akavuta. Akainuka.

"Nitasimama kidogo," alisema.

"Mkwe, umetembea mbali. Kaa."

"Nimesema nitasimama."

Kwa watu wa pande zetu, mgeni anayekataa kukaa nyumbani kwa wakwe ana maana moja tu. Amekuja kuvunja. Nikaona baba wa kijana anamtazama mkewe, mkewe anaingia ndani, na muda si mrefu tukasikia kuku wa pili anakamatwa. Mzee akaanza kuzungumza polepole, akasema wao ni watu wadogo, wavuvi, lakini kijana wao ni mtu wa kazi na hanywi. Akasema habari ya dini isimtie mashaka mkwe, padri na kasisi wataketi pamoja. Akasema kama kuna neno lililokosewa siku ya posa, basi wanaomba radhi, kijana bado mtoto. Baba mkubwa alisikiliza yote akiwa amesimama wima kama mlingoti wa bendera, jasho likimtiririka, na kwa kila sentensi uso wake ulizidi kuwa mkali. Walidhani ni hasira. Kuku wa tatu akakamatwa.

Hapo nilimtazama baba mkubwa kwa makini, na ninaapa kwamba katikati ya maumivu yale nilimwona ana raha kidogo. Alikuwa amekuja kutafuta heshima, na sasa ilikuwa inamwagwa mbele yake kwa ndoo. Angeweza kusimama pale mpaka wamchinjie mbuzi. Lakini dada alianza kulia. Hakulia kwa sauti, alifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na kijana wake, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa mkeka, akawa hajui aende wapi na mikono yake.

"Baba," dada akasema, "kama hutaki, ungesema nyumbani. Siyo kuniaibisha huku."

Kwa baba mkubwa kuusema ukweli kulikuwa kugumu kuliko kuvunja uchumba, na nina hakika kwa nukta chache alipima kipi bora.

Shangazi hakusubiri apime. "Wakwe," alisema, "msichinje tena. Kaka yangu hajakataa. Kaka yangu amebanwa."

"Amebanwa na nini?" mzee akauliza.

"Na ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Nawasifu watu wa Lipingo mpaka leo kwa jambo hilo. Mama mmoja jirani alikohoa kwa muda mrefu sana akaenda kukoholea nyuma ya nyumba, lakini mbele yetu hakucheka mtu. Kijana akainuka, akaleta kigoda, akamkalisha baba mkubwa mchangani nje ya mkeka, akapiga goti. Akajaribu kufungua kamba, zikawa kama waya. Akajaribu kuvuta kwa kisigino, baba mkubwa akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani. Wakaleta beseni la maji ya vuguvugu wakaloweka, lakini miguu ilikuwa imevimba, na ngozi ilipoanza kulainika ilitoa harufu ya lile shimo la ng'ambo ya bonde. Mbwa wakasogea. Mtoto wa jirani akapewa fimbo awafukuze.

"Baba," kijana akasema, "itabidi kukata."

"Kata nini?"

"Kiatu, Baba."

Baba mkubwa akatazama upande wa ziwa. "Kata," akasema.

Kijana akaweka mguu wa mwenyekiti wa kigango juu ya paja lake, akachomoa kisu chembamba.

"Usitikisike, Baba."

"Kisu hicho kimekata nini leo?"

"Samaki, mbasa."

"Basi kipanguse kwanza."

Akakipangusa kwenye kaptula yake. Akaanza kukata kuanzia juu, polepole, akiingiza kidole chake mwenyewe kati ya makali na ngozi ya mtu, ili kisu kikiteleza kimkate yeye. Niliona. Baba mkubwa naye aliona. Ngozi ilipopasuka, katikati kulikuwa na mstari mweupe, kama fundi alivyosema. Mguu ukatoka. Sitausimulia sana. Vidole vilikuwa vimepandiana, kucha moja imekuwa nyeusi, na damu imegandia pembeni. Kijana hakusema pole, hakusema chochote. Alikata na cha pili, akaosha ile miguu kwa maji masafi, mmoja baada ya mwingine, akaipaka mafuta, akaiweka juu ya kitambaa.

Baba mkubwa muda wote huo alikuwa akimtazama yule kijana kichwani, kwenye utosi, kama mtu anayesoma. Mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ninyi Waanglikana, huwa mnaoshana miguu?"

"Alhamisi Kuu, Baba. Kama ninyi."

"Basi leo imekuwa Alhamisi," shangazi akadakia kutoka mkekani, na hapo ndipo watu wote walipocheka, na baba mkubwa akacheka nao, ingawa kidogo na kwa kuchelewa. Wakamshika makwapani, wakampandisha mkekani. Tukala kuku wote watatu.

Tulikaa Lipingo siku zaidi ya tulivyopanga, maana hakuweza kutembea. Baba wa kijana alimwambia akanyage mchangani, akachora mguu wake ulivyo, kwa upana wake wote, akaukata kwenye tairi kuukuu. Katambuga zile ndizo viatu vya kwanza maishani mwa baba mkubwa vilivyokuwa na kipimo chake mwenyewe. Alipanda nazo mlima wote bila kusimama. Sisi tulikuwa nyuma tukihema. Tulipokaribia kwetu akazivua, akanipa nizifiche ndani ya kikapu chini ya samaki, akaingia kijijini pekupeku. Waliomwuliza viatu viko wapi aliwajibu kwamba amewaachia wakwe kama zawadi ya heshima, kwa kuwa walivisifu mno. Watu wakampongeza kwa moyo wake mkunjufu.

Shangazi alivumilia mpaka Jumapili. Baada ya misa alisimulia habari yote pale kwenye kijito, wanaume wakiwa wameketi juu ya mawe wanahangaika kuvua, na hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Baba mkubwa hakuzungumza naye kwa majuma kadhaa. Aliyenufaika ni fundi. Kwa mtu mwingine ile ingekuwa fedheha, lakini yeye alizunguka vilabuni akijitapa: "Mmesikia kiatu cha mwenyekiti? Kimepita mvua, kimepita mto, kimepita jua, hakikumtoka mguuni mpaka kwa kisu. Nani mwingine anashona kiatu cha namna hiyo?" Na wateja wakaongezeka. Sisemi uongo. Wanaume waliokuwa wamecheka pale kijitoni ndio walioongoza kwenda ng'ambo ya bonde na ngozi zao mabegani. Mtu mzima ukimwonyesha shimo ambalo jirani yake ametumbukia, atauliza la kwake litachimbwa lini.

Harusi ilifanyika kahawa ilipokwisha. Padri na kasisi walielewana kwa urahisi kuliko tulivyotegemea, wazazi ndio wanaopenda kugombana. Baba mkubwa alimsindikiza binti yake mpaka altareni akiwa amevaa katambuga, mbele ya kigango kizima, na aliyemwuliza alimwambia kwamba dokta amemkataza ngozi. Alikuwa mwongo mpaka mwisho, lakini tangu siku ile hakuruhusu mtu amseme vibaya mkwewe. Mvuvi huyo alipopanda kuja kutusalimia, baba mkubwa alimpa kile kiti cha sebuleni, na miguu ile mipana ikanyooshwa mbele ya Moyo Mtakatifu, na mwenyekiti wa kigango ndiye aliyekuwa akiuliza kama mgeni anataka kigoda cha kuiwekea.

Fundi alikufa miaka mingi iliyopita, mitumba ilipokwisha kuingia na kila mtu akaweza kununua kiatu cha Mzungu aliye hai. Siku hizi Mbinga mjini zinauzwa katambuga zenye shanga na maua, ndani ya kabati la kioo, na wanaozinunua ni wajukuu wa wale waliozidharau. Wanapiga nazo picha. Mjukuu wa baba mkubwa alinitumia kwenye simu picha yake akiwa amezivaa na kuniuliza kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Nilimjibu kwamba zimempendeza, maana ni kweli zilimpendeza, na mtoto wa watu hakuwa na kosa.

Dada bado yuko Lipingo. Mwaka jana nilishuka kumwona, barabara sasa inapitika na gari linafika karibu na nyumba. Miguu yake imeanza kuvimba kwa umri, na zahanati walimwambia atafute viatu laini vya kufunika. Amevinunua, vipo chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake. Nilimwuliza mbona havai. Alisema atavaa akipata safari. Mumewe alikuwa nje anapara samaki, akaniamkia kwa furaha kama siku zote, na katika miaka yote hii sijamsikia hata mara moja akiisimulia siku ile ya viatu, wala kwa utani, wala akiwa na wenzake. Sisi milimani tumeisimulia mpaka imechakaa. Nilimwuliza dada kama huwa wanaikumbuka wakiwa wawili.

"Mimi nilikuwa nimempenda kwa sababu alikuwa anachekesha," alisema. "Siku ile ndipo nilipojua kuna wakati anaweza kutocheka."

Kisha akaniuliza kama nimeleta maharage, maana ya huku chini hayaivi vizuri, nikamwambia yako kwenye gari.